Dhahabu ina leseni, ngoma ya mtemi haina daftari

*Zaidi ya miaka 60 baada ya utemi kufutwa, vifaa vya enzi vya Usukuma na Uzinza vimetawanyika kati ya makumbusho ya misheni na nyumba za koo. Shinyanga na Geita, mikoa ya almasi na dhahabu, bado haijaamua ni nani mwenye dhamana navyo.*

Mkazi wa Shinyanga mjini, Kahama au Geita anayetaka kuona kwa macho yake ngoma kuu za utawala, viti vya enzi, mikuki na mavazi ya watemi hana budi kutoka nje ya mkoa wake na kwenda Bujora, katika eneo la Kisesa wilayani Magu, kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara iendayo Musoma.

Huko atakuta jengo lililosanifiwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake ngoma zilizokusanywa kutoka tawala mbalimbali za Usukuma, ambazo kila moja ilikuwa na mtemi wake, mipaka yake na matambiko yake. Hilo ni banda la kifalme la Makumbusho ya Wasukuma, taasisi iliyoanzishwa na misheni ya Kanisa Katoliki wakati ambapo hakuna halmashauri iliyokuwa na wazo hilo.

Tatizo linaanzia pale ukuta wa Bujora unapoishia. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza tawala za Wasukuma zilikuwa takribani 50, na ukiongeza zile za Wazinza upande wa Geita ni dhahiri kwamba vifaa vyote haviwezi kuwa Bujora. Vingi vilibaki katika nyumba za koo za kitemi, vingine viliuzwa, vingine vilichukuliwa enzi za Wajerumani na vimo katika ghala za makumbusho ya Ulaya, na vingine vimeliwa na mchwa.

Atakayeuliza ngoma ya utawala fulani iko wapi leo, inatunzwa na nani na ina hali gani, hatapata daftari moja la umma la kumjibu.

Kilima cha Bujora

Kituo cha Bujora kilianza kuchukua sura katika miaka ya 1950 chini ya Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, ambaye alijifunza Kisukuma, akafuatilia ngoma na desturi za waumini wake, na akaona kwamba liturujia isiyo na sauti ya ngoma ingebaki kuwa ya wageni.

Kanisa la Bujora lilijengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya duara ya Kisukuma, na alama za enzi za mtemi, zikiwamo kiti, ngao na mkuki, zikaingizwa katika mapambo yake, kwa maana kwamba Kristo anaheshimiwa hapo kwa lugha ileile ambayo Wasukuma waliitumia kumheshimu mtawala. Wapo walioliona jambo hilo kuwa la kijasiri, na wapo waliodhani limevuka mpaka.

Makumbusho yenyewe ni ya uwanjani, yaani majengo yake yametawanyika katika eneo la wazi lenye miamba, kila moja likiwa na mada yake: makazi ya familia ya Kisukuma, kazi ya mhunzi, vifaa vya waganga, na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, ambavyo ushindani wao umedumu kwa vizazi. Humo pia yumo Ng'wana Malundi, manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, aliyefariki mwaka 1936 na ambaye simulizi za uwezo wake wa ajabu bado zinasikika hadi Kishapu na Maswa.

Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, mavuno yakiwa yameingia ghalani, hufanyika Bulabo, tamasha ambalo lilianza kama maandamano ya Ekaristi na likakua kuwa mashindano makubwa ya ngoma, ambapo wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe na wale wa kundi la Bayeye hucheza na chatu shingoni. Katika siku hizo Bujora hupata watu wengi kuliko uwezo wake, na siku nyingine nyingi hupata wanafunzi wa shule na watalii wachache wanaopita kuelekea Serengeti.

> Ngoma ya kitemi ikikaa katika nyumba ya bati hupoteza kinga ambayo zamani ilipewa na moshi wa kuni.

Ngozi, gogo na unga mweupe

Ngoma ya kitemi huchongwa kutoka katika gogo moja linalotobolewa ndani na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na udhaifu wake uko katika vitu hivyo viwili. Katika kiangazi cha Shinyanga, ambacho hukausha hata matope ya malambo, ngozi hukaza. Mvua za Novemba zinapoanza hulegea. Na mvutano huo wa kila mwaka ndio unaoichana pembezoni, pale ilipofungwa.

Gogo nalo hubunguliwa. Mdudu huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano na kuchimba njia zake ndani kwa ndani, na dalili pekee inayoonekana nje ni unga mweupe sakafuni, ambao mwenye nyumba huufagia asubuhi bila kujua kwamba anafagia ngoma yenyewe.

Zamani vifaa vya aina hiyo vilikaa katika nyumba ya msonge, ambamo moshi wa jikoni ulipanda na kukaa chini ya paa la nyasi, ukifukuza wadudu na kuipaka miti rangi nyeusi iliyokolea. Familia ilipohamia nyumba ya saruji na bati, jambo ambalo hakuna wa kuilaumu, ngoma ilihamia stoo, kando ya magunia ya mpunga na debe la dawa ya pamba, na huko hakuna moshi.

Utemi ulivyofikia mwisho

Mtemi alikuwa mtawala, mwamuzi na mwombaji wa mvua kwa wakati mmoja, na hakujitwalia cheo hicho mwenyewe: alichaguliwa na kusimikwa na banang'oma, baraza la wazee wa ukoo wa kitawala, ambao pia waliweza kumwondoa. Kwa desturi ya zamani urithi ulipita upande wa mama, ikimaanisha kwamba mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyestahili, wala si mtoto wa mtemi mwenyewe. Katika karne ya 20 tawala kadhaa zilihamia kwenye urithi wa baba kwenda kwa mwana, na mabadiliko hayo, kama itakavyoonekana, bado yanasumbua.

Wakoloni wa Kiingereza waliutumia utemi kama ngazi ya utawala wao. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha katika Shinyanga, aliteuliwa pamoja na Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia watemi wa Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita wakaunganishwa katika shirikisho lenye makao Malya.

Kwa kukaa karibu hivyo na serikali, watemi walibebeshwa lawama za serikali. Kuhesabiwa na kupunguzwa kwa mifugo, amri za kilimo na ushuru vilipitia mikononi mwao, na mwaka 1958, serikali ilipolazimisha halmashauri ya rangi mchanganyiko huko Geita, maelfu ya watu waliandamana hadi Mwanza na mpango huo ukafa. Ni vigumu kuuelewa uamuzi wa serikali ya uhuru wa kufuta utemi mwaka 1963 bila kuikumbuka Geita ya 1958.

Ofisi ilifutwa, na kazi za mtemi zikagawanywa kwa watendaji, mahakimu na madiwani. Vifaa vya ofisi hiyo, ambavyo kwa mtazamo wa banang'oma havikuwa mali binafsi ya mtemi hata siku moja, vilibaki kwa yeyote aliyekuwa navyo siku hiyo: mjane, mpwa, mtoto wa kwanza, au padri aliyeaminiwa.

Mfano wa India na mipaka yake

Wanaotetea makumbusho ya kifalme ya mikoani hupenda kuitaja India, na mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu historia yake inafanana na ya Usukuma kwa hatua chache kisha inaachana nayo.

Baada ya uhuru wa 1947 zaidi ya tawala 500 za kifalme ziliunganishwa na dola mpya ya India, na watawala wake wakaahidiwa posho ya kila mwaka kutoka hazina ya serikali. Posho hiyo na vyeo vyao vikafutwa mwaka 1971 kwa marekebisho ya 26 ya Katiba. Mtawala aliyekuwa na ngome, mamia ya watumishi na maghala ya vito alijikuta raia mwenye bili za kulipa.

Huko Jodhpur jibu lilikuja haraka: mwaka 1972 familia ya kifalme iliunda dhamana, yaani chombo cha kisheria kinachomiliki na kuendesha mali kwa manufaa yaliyoandikwa, na kuikabidhi ngome ya Mehrangarh. Leo wageni hulipa kiingilio kuona machela, viti vya kupandia tembo, vilemba na picha za wachoraji wa Marwar, na mapato hayo hukarabati kuta. Jaipur walikuwa wametangulia kwa kufungua makumbusho ndani ya kasri la jiji mwaka 1959. Hyderabad walipita njia nyingine: mkusanyo wa Salar Jung, uliokuwa wa familia ya mawaziri wakuu wa Nizamu, mtawala wa Hyderabad, ulifunguliwa kwa umma mwaka 1951 na mwaka 1961 ukatangazwa kwa sheria kuwa taasisi yenye umuhimu wa kitaifa.

Mfano ulio karibu zaidi na Shinyanga ni Bhuj, mji mkuu wa zamani wa Kutch, kwa kuwa wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka na vinu vya kuchambulia pamba katika mikoa ya Ziwa walitokea Kutch na Gujarat. Kasri lake la Aina Mahal, lililojengwa katikati ya karne ya 18 na kupambwa kwa vioo, lilipasuliwa na tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, na hata hivyo sehemu yake ilirejeshwa na kuendelea kupokea wageni, kwa sababu kulikuwa na chombo chenye jukumu na orodha ya vilivyokuwamo.

> Maharaja alipoteza posho akabaki na hati ya kasri. Mtemi alipoteza ofisi, na ngoma haikuwa na hati.

Hapo ndipo mfano unapokoma. Familia za Jodhpur na Jaipur zilikuwa na hati za majumba, mawakili na vitu ambavyo soko la dunia lilivipa bei. Ikulu ya mtemi ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi iliyojengwa na nguvu za wananchi, na mara nyingi ilihama mtemi mpya aliposimikwa. Tena makumbusho mengi ya maharaja husimulia fahari ya mtawala na kumsahau mkulima aliyelipa kodi, kasoro ambayo Bujora, kwa kuweka jembe na chungu katika uwanja uleule ulio na kiti cha enzi, imeiepuka kwa kiasi kikubwa.

Kilicho cha kuiga ni chombo cha dhamana chenye wajumbe wanaojulikana, na orodha.

Wanaovutana

Upande wa kwanza ni wa koo za kitemi. Hoja yao ya msingi ni kwamba ngoma ya enzi ingali na kazi: ina siku za kutolewa, watu wa kuigusa na maneno ya kuisemesha, na kuiweka nyuma ya kioo ni kuizika ikiwa hai. Nyuma ya hoja hiyo kuna hofu isiyosemwa kwa sauti, kwamba kitu kikishaandikwa katika kitabu cha serikali kitakuja kuchukuliwa na serikali.

Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa, lakini ndani ya koo zenyewe hakuna sauti moja. Pale ambapo utemi ulihama kutoka urithi wa mpwa kwenda urithi wa mwana, leo kuna vizazi viwili vya wadai wa ngoma moja, wa upande wa dada na wa upande wa mtoto, na kila upande una wazee wa kuutolea ushahidi.

Upande wa pili ni wa wataalamu wa makumbusho, ambao huona kila mwaka unaopita kuwa hasara isiyorudishika, na ambao hujibu hoja ya ngoma iliyo hai kwa kusema kwamba ngoma iliyobunguliwa haiwezi kupigwa na yeyote. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 na sasa yanaongozwa na sheria ya 1980, yana matawi Arusha, Songea na Butiama, lakini hayana tawi Shinyanga wala Geita. Sanamu za udongo zilizokusanywa na Hans Cory, mtaalamu wa elimu jamii wa serikali ya kikoloni aliyeandika pia kuhusu utemi wa Wasukuma, ziko Dar es Salaam, na maandishi yake yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mbali na watu yanaowahusu.

Upande wa tatu ni wa dini, nao umegawanyika vibaya zaidi. Bujora inaonyesha kwamba kanisa linaweza kuwa mlinzi wa vifaa vya jadi. Mikutano mingine ya injili huhimiza vifaa hivyohivyo vichomwe moto kwa kuwa ni vya mizimu. Katika mkoa ambao vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, si ajabu familia ikaona usalama katika kuficha au kuteketeza kitu chochote kinachofanana na tunguli, na hoja ya uhifadhi isiyoitambua hatari hiyo ni hoja ya watu wanaolala kwingine.

Serikali, kwa upande wake, imebadili sauti. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria tamasha la utamaduni Kisesa na kusimikwa kuwa chifu kwa jina la Hangaya, jambo ambalo lisingeweza kufikirika mwaka 1963. Tangu hapo machifu huonekana katika hafla za umma wakiwa na mavazi na usinga, ingawa kuonekana jukwaani hakujatatua swali la vifaa vilivyo stoo.

Fedha za mgodini

Ukanda huu haukosi fedha. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji wake wa sasa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, ambao umekwisha kufungwa, mwaka 2009. Mwadui imekuwa ikitoa almasi tangu mwanajiolojia John Williamson alipoigundua hazina yake mwaka 1940.

Kwa marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, mwenye leseni hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii, yaani miradi ambayo mgodi huitekeleza kwa ajili ya wananchi wanaouzunguka, na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo. Kuna pia ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa mauzo, unaolipwa kwa halmashauri. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati, visima na barabara.

Diwani anayeulizwa kwa nini urithi haumo katika orodha ana jibu tayari: mtoto anayekaa chini darasani hawezi kusubiri ngoma iwambwe. Jibu hilo lina uzito, na anayelibeza hajawahi kukaa katika kikao cha bajeti. Lakini linachanganya mambo mawili yenye gharama tofauti kabisa. Jumba la makumbusho ni mabilioni ya shilingi, pamoja na mishahara isiyokwisha. Daftari la vifaa, lenye picha, vipimo, jina la utawala, jina la mtunzaji na simulizi yake, ni gharama ya kamera, futi kamba, mafuta ya pikipiki na vijana wanaojua Kisukuma na Kizinza.

Tofauti ya kumbukumbu inaonekana vizuri zaidi Mwadui. Almasi ya waridi iliyopatikana huko Oktoba 1947 ilikuwa na uzito wa karati 54.5 ikiwa ghafi, ikatolewa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ikakatwa hadi karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa na nyumba ya vito ya Cartier katikati ya ua la kubandika kifuani. Kila hatua ya jiwe hilo imeandikwa. Ngoma za tawala zilizopakana na shimo la Mwadui hazina hata tarehe ya kuchongwa.

> Jengo ni mabilioni. Daftari ni kamera, futi kamba na mafuta ya pikipiki.

Chuma kabla ya dhahabu

Mjadala huu umezoea kuzungumza juu ya Usukuma peke yake, na hapo Geita huonewa. Sehemu kubwa ya mkoa huo, ulioundwa mwaka 2012, ni Uzinza, nchi ya tawala zilizoongozwa na ukoo wa Wahinda, wenye uhusiano na falme za Karagwe na nyingine za magharibi mwa Ziwa, na ambao ngoma zao za enzi zina historia yake mbali na ile ya watemi wa mashariki.

Humo ndimo walimoishi Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma, waliojenga tanuru za udongo, wakavukuta moto wa makaa kwa mivukuto ya ngozi, na kutoa chuma ambacho kiligeuzwa kuwa majembe yaliyosafiri kibiashara hadi Usukuma na Unyamwezi. Kazi yao ilikuwa na miiko yake: fundi hakulala na mke wakati wa kuyeyusha, na tanuru lenyewe lilitendewa kama mwili wa mwanamke anayekaribia kujifungua. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliivunja biashara hiyo katika enzi ya ukoloni.

Mji wa Geita, ambao kila mwaka huandaa maonesho ya teknolojia ya madini yenye mitambo ya kuchenjua dhahabu na mabanda ya mabenki, ungeweza kuonyesha uwanjani hapohapo kwamba utaalamu wa kuyeyusha madini katika ardhi hiyo haukuletwa na mwekezaji. Tanuru la Warongo halihitaji kioo. Linahitaji udongo, na mafundi wa kulijenga upya kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa na watafiti waliowakuta wazee wa kazi hiyo katika karne iliyopita.

Njia iliyowahi kupitiwa

Shinyanga imewahi kufufua jambo la jadi kwa kutumia sheria ndogo za vijiji, na ni ajabu kwamba mfano huo hautajwi katika mjadala wa makumbusho. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa kifupi HASHI, ili kuokoa mkoa uliokuwa ukigeuka jangwa baada ya misitu kufyekwa kwa ajili ya pamba na kuangamiza mbung'o.

Mradi ulifanikiwa ulipoacha kupanda miti ya kigeni na kurudi kwenye ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Dagashida, baraza la kimila la wananchi, lilipanga mipaka na faini, serikali za vijiji zikaziandika kuwa sheria ndogo, na miti ikarudi katika maelfu kwa maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Utaratibu huo unaweza kubeba ngoma pia. Dagashida inaweza kuamua nani ni mtunzaji bila kumaliza ugomvi wa mpwa na mwana, kwa kutenganisha utunzaji na umiliki. Kijiji kinaweza kuandika kwamba kifaa cha enzi hakiuzwi wala hakitoki wilayani bila kikao. Na halmashauri inaweza kuweka nakala ya daftari bila kushika kifaa chenyewe. Makumbusho yatabaki na kazi ya kutibu ngozi na mti, na kukopesha vifaa kwa ajili ya kusimika na kwa tamasha, badala ya kuvimiliki. Kijana aliyekuwa na miaka 20 utemi ulipofutwa sasa amepita miaka 80, na ni yeye anayejua ngoma ipi ni ya kiti na ipi ni ya sherehe.

Baadhi ya watetezi wa Bujora wanapendekeza njia fupi zaidi: kila kilichosalia kipelekwe kilimani, hasa baada ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, kufunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiitenga Geita na Mwanza. Pendekezo hilo linafaa kwa wanafunzi, ambao sasa wanaweza kutoka Geita asubuhi, kuzunguka Bujora na kurudi jioni ileile.

Kwa vifaa halifai. Ngoma ya Uzinza ikivuka ghuba itakuwa maelezo ya ziada katika makumbusho ya Wasukuma, mbali na wanaojua miiko yake, na koo ambazo tayari zina wasiwasi zitakuwa na sababu ya kufunga stoo zao. Mpango wa wajibu kwa jamii huandaliwa upya kila mwaka, na halmashauri za Geita, Msalala na Kishapu zinaweza kuingiza humo kifungu kimoja cha kuandikisha vifaa pale vilipo.